Aliyeketi Chini ya Mkeka

Lupesina alipofika kwangu na mabegi yake ya kamera, nilimpokea kwa mikono miwili na kumtazama kwa macho manne. Ni binti wa shemeji yangu Uelese, mdogo wa marehemu mume wangu Panapa, na mtoto wa nyumba hafukuzwi, hata kama amezaliwa Auckland na anaisema lugha yetu kama mtu anayetafuna gimbi la moto. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mrefu, nywele amezifunga utosini kama sisi, ila shingoni alining'iniza kamera mahali ambapo wanawake wa hapa huvaa shada la maua. Alipopita mbele yangu aliinama kwa adabu. Kwa hiyo kuna mtu alimfundisha. Nikajiuliza ni nani, na alimfundisha ili iweje.

Alisema amekuja kutafuta urithi. Mimi nikashtuka, maana hapa kwetu mtu akitaja urithi tunakwenda kuangalia mipaka ya shamba. Akanieleza kwamba haongelei mashamba, anaongelea mila, mikeka, chale za mwilini, nyimbo, namna tunavyokaa. Kazi yake ni kuvipiga picha na kuzitundika katika nyumba kubwa huko Auckland, watu waje kuzitazama.

Nikamuuliza, wakishatazama?

"Wanaelewa, mama mkubwa."

"Wanaelewa nini?"

Akacheka, akasema hilo ndilo hata yeye analitafuta. Nikampa kakao ya moto na shelisheli iliyochomwa, nikamtandikia upande wa bahari, nami nikahamisha mto wangu ili nikilala uso wangu uelekee kwake.

Sikuwa mtu wa kushuku bure. Mwanangu Mareko alikufa akiwa na miaka kumi na tisa. Timu yetu ya kriketi ilikuwa imekishinda kijiji cha pili, vijana wakapanda nyuma ya pikapu ya ukoo wakiimba, Mareko akakaa mbele na baba yake mdogo. Huyo Uelese ndiye aliyeshika usukani, amejaa bia ya ushindi. Kwenye kona ya mwamba mweusi gari likapinduka. Wa nyuma walirushwa vichakani, kila mmoja na maumivu yake, na mtu pekee aliyekuwa karibu na mwanangu alikuwa Uelese. Kabla hatujamzika mtoto, jamaa wa mke wa Uelese walikuwa wamekwisha kumvusha bahari hadi mji mkuu, Apia, na kumpandisha ndege.

Hakuja kuinama. Kwetu, mtu aliyeua, hata kwa bahati mbaya, huja kabla jua halijachomoza, akaketi mbele ya nyumba ya waliofiwa, amejifunika mkeka wa heshima kichwani, kimya. Ndiyo ifoga. Waliofiwa wakitoka wakauinua ule mkeka na kuuingiza ndani, yamekwisha mbele ya Mungu na mbele ya baraza. Wasipotoka, anabaki juani, na zamani walitoka na mapanga. Panapa alikuwa akipandisha mapazia ya makuti alfajiri baada ya alfajiri na kutazama uwanja mtupu. Hata mwaka aliofariki alikuwa bado anaamka kabla ya jogoo. Baraza likakata neno kwamba Uelese asikanyage hapa, wala asizikwe hapa, mpaka ainame. Na mimi nikabaki bila kujua kama mwanangu alikufa mara moja au alilala barabarani akiita. Wa kuniambia alikuwa ng'ambo.

Sasa huyu binti yake.

Siku za kwanza alipiga picha kila kitu, nguruwe, kengele ya kanisa, wanawake wa kamati ya kijiji tunaposuka. Kisha akaanza makaburi. Makaburi yetu yako mbele ya nyumba, kama ya kila mtu. Yuko mama mkwe, yuko Panapa, yuko Mareko ambaye tulimwekea vigae vya buluu. Upande wa kushoto wa mama mkwe pana nafasi tuliyoiacha, na hakuna mtu mzima kijijini asiyejua iliachwa kwa ajili ya kitinda mimba wake, Uelese. Lupesina alilala kifudifudi kwenye nyasi, jicho kwenye kamera, akapiga picha ile nafasi tupu. Akahama, akaipiga upande wa pili.

"Mama mkubwa, hapa ni pa nani?"

"Pa nyasi," nikamjibu.

Jirani yangu Sulieti alikuwa anaona yote kutoka kwake, maana nyumba hizi hazina kuta, zina nguzo tu. Tulipokaa kusuka akaniambia bila kuinua uso.

"Mgeni wako anapiga picha majani. Auckland hawana majani?"

"Wanayo."

"Basi yule hapigi picha, mwenzangu. Anapima."

Nikamwambia aache ulimi wake upumzike. Lakini alikuwa na zaidi. Binti yake anafanya usafi katika hospitali moja huko, na alikuwa amemwona Uelese kwa macho yake, amekonda, figo zimekufa zote mbili, anafungwa kwenye mashine asafishwe damu. Sulieti akavuta uzi wa mkadi tunaosukia, akaukata kwa meno. "Mtu anayesafishwa damu hukumbuka kwao," akasema.

Kuanzia hapo niliona kila kitu kwa mwanga mwingine. Nilimwona Lupesina akimsalimia mzee Alapati, msemaji wa ukoo wetu, na kukaa naye muda mrefu kuliko salamu. Nilimwona anamuuliza mke wa mchungaji habari za mazishi, kwa upole, kama mtu anayeuliza namna ya kupika majani ya magimbi kwa tui. Siku moja nilikuwa natoka kufua, naye amesimama kwenye ukuta wa bahari ambako simu hushika. Alikuwa anaongea Kiingereza haraka haraka, kisha akasema kwa lugha yetu, taratibu, "Bado, baba. Hajasema kitu." Akageuka, akaniona na beseni langu kiunoni. Akaishusha simu.

"Baba anakusalimu, mama mkubwa."

Nikamwambia mvua inakuja, aanue nguo zake.

Jambo la kunichanganya zaidi lilikuwa picha zenyewe. Baada ya baragumu la sala na chakula, alikaa karibu yangu akanionyesha kwenye kioo cha kamera. Nilitegemea kuona ujinga. Nikaona mikono yangu mwenyewe inasuka, na katika mikono yangu nikaona ya mama yangu, namna kidole kidogo kinavyosimama pembeni kama kimekasirika. Sikuwa nimewahi kujua kwamba nacho nimekirithi. Yeye hakuniuliza kama nimefurahi, na hilo lilinipendeza. Kisha nikalala nikiwaza, mwenye jicho la kuona kidole haiwezekani asione kaburi. Mwenye jicho hilo ameuliza, amejibiwa, anajua.

Tena alikuwa na mkeka. Aliufungua mfuko wake mkubwa kunitolea bati la biskuti, na chini ya nguo nikaona pindo lenye manyoya mekundu. Nikaomba nione. Akasita, akautoa. Ulikuwa umelainika kama hariri, rangi ya asali. Ni mkeka aliousuka mama mkwe wangu kabla sijaolewa, na uliondoka nyumba hii pamoja na Uelese, jamaa zake wakiwa na haraka ya uwanja wa ndege.

"Baba amenipa kwa ajili ya picha."

"Picha gani?"

"Yangu mwenyewe. Ya mwisho, kabla sijarudi."

Kesho yake akaniuliza jua likichomoza linaanzia wapi uwanjani. Nikamwonyesha, kati ya makaburi na ngazi ya nyumba. Mimi mwenyewe, kwa kidole changu.

*

Alhamisi hiyo niliamka kwa sala ya asubuhi kama kawaida. Malazi yake yalikuwa matupu, ameyakunja vizuri. Nikapandisha pazia la mbele. Uwanjani palikuwa na kitu kimeketi, rangi ya asali, manyoya mekundu pembeni, na miguu miwili ya mtu imekunjwa chini yake. Mbele kidogo, upande wa barabara, kamera imesimama juu ya miguu yake mitatu, ikinielekea mimi na nyumba yangu, na taa ndogo nyekundu inawaka na kuzima.

Nilishika nguzo.

Panapa alikuwa ameingoja picha hii mpaka akafa nayo machoni, na sasa imekuja, na chini ya mkeka yumo msichana, na mbele yake imesimama mashine ya kuandika ushahidi. Nikauona ujanja wote kama mtu anavyoona wavu ukitandazwa. Nikitoka na kuuinua, yamekwisha. Uelese atazikwa kando ya mama yake, hatua chache kutoka kwa mwanangu, na hatakuwa ametamka hata neno moja. Hatakuwa hata amepanda ndege. Nisipotoka, binti wa watu atakaa juani mbele ya kijiji kizima na mimi nitakuwa yule mjane Mkristo mwenye moyo wa jiwe, na hiyo nayo itakuwa kwenye picha.

Nikakumbuka Isaka kipofu akimpapasa mwanawe aliyevaa ngozi za mbuzi. Sauti ni ya mmoja, mikono ni ya mwingine. Na baraka ikishatoka, hairudi. Nilikuwa na nafuu kuliko Isaka, kwa sababu mimi naona. Lakini mkeka nao ni ngozi.

Watu wakaanza kujaa. Hakuna aliyepiga kelele, kwetu kwa jambo kama hili watu hukaa chini walipo. Wengine waliketi barabarani na taulo zao za kuogea mabegani. Sulieti akapita kwa nyuma, akapanda kwangu, akakaa.

"Unamjua ni nani?"

"Miguu yake naijua."

"Na anamwombea nani?"

"Unauliza unachokijua."

Mzee Alapati akaja na fimbo yake na usinga begani, amevaa kama siku ya baraza, wakati jua ndiyo kwanza linatoka. Nikaiona ile nguo yake nzuri na nikapata jibu la swali moja. Mtu hawezi kuvaa hivyo kwa habari aliyoisikia sasa hivi.

Hakuingia, alisimama chini ya ngazi. Akaongea maneno mengi mazuri, kwamba anga limefunguka, kwamba nyumba ya Panapa ni nyumba ya upendo, kwamba damu ni moja. Alimaliza kwa kuniambia, "Shemeji, mtoto anaungua. Inua."

Nikamwambia ngoja nimalize sala yangu. Sulieti akanong'ona kwamba mzee ameshaanza kusikia harufu ya nguruwe wa matanga ya Uelese. Sikucheka. Nilipiga magoti nyuma ya pazia, na sikuomba moyo wa kusamehe, Mungu ni shahidi yangu. Niliomba macho.

Nilipoinuka jua lilikuwa limepanda juu ya minazi. Ule mkeka haukusogea. Nilitazama miguu. Vidole vilikuwa vimekunjika, vimeshika ardhi. Mtu anayeigiza hukunja vidole? Sikujua. Mtu anayeogopa hukunja, na mwongo pia huogopa.

Nikashuka ngazi. Kijiji chote kikavuta pumzi, wakidhani nakwenda kwenye mkeka. Nikaupita. Nilikwenda kwenye kamera, nikavua kitambaa nilichojifunga kiunoni juu ya gauni, nikaifunika yote, jicho na taa. Mtu mmoja barabarani akaguna, mwingine akacheka akanyamazishwa. Kisha nikarudi nikakaa kwenye nyasi, ana kwa ana na mkeka, karibu hata nikasikia anavyopumua.

"Nani amekutuma?"

Mzee Alapati akaniambia hairuhusiwi kumsemesha, aliye chini ya mkeka huwa kimya. Nikamwambia sawa, wewe mwenye usinga endelea kunyamaza naye.

"Mama mkubwa, hakuna aliyenituma," sauti ikatoka. "Baba alisema tu nipige picha hii hapa. Alfajiri, na mkeka wa bibi. Alisema nisiinuke mpaka wewe uniinue. Alisema ni kuomba baraka ya nyumba."

"Baraka."

"Ndiyo."

"Mareko ni nani?"

"Mwanao. Yule wa vigae vya buluu. Baba alisema ilikuwa ajali ya gari."

"Nani alikuwa anaendesha?"

Manyoya mekundu ya pembeni yakaanza kutikisika, kidogo, kisha sana, na hapakuwa na upepo. Akaita jina la baba yake, si kuniambia mimi, kama mtu aliyekutana naye njiani ghafla. Sulieti nyuma yangu akaanza kulia, maana yeye hulia upesi. Mimi nikatazama. Machozi nimeyaona mengi katika maisha yangu na sijawahi kukutana na mtu anayejua kuyapima. Huenda hakujua kitu, akatumwa kama barua isiyojua kilichoandikwa ndani yake. Huenda alijua tangu Auckland, na alijizoeza kutikisika. "Bado, baba, hajasema kitu." Aliyekuwa hajasema kitu ni mimi, au ni Alapati? Sikujua, na leo bado sijui yote.

Ndipo nikaacha kutafuta kama ni mkweli au mwongo. Nikatafuta jambo ambalo ningelifanya na likawa sawa akiwa mkweli, na likawa sawa akiwa mwongo.

Nikasimama, nikaushika mkeka kwa pindo zote mbili, nikauinua.

Uso wake ulikuwa umevimba, nywele zimemganda kwenye paji. Watu wakaguna wote kwa pamoja, na mzee Alapati akafungua kinywa kutoa shukrani. Nikamwonyesha kiganja, akafunga. Nikaukunja ule mkeka pale pale, mara moja, mara mbili, kama unavyokunjwa wa kupelekwa harusini, nikauweka juu ya magoti ya Lupesina.

Nikasema kwa sauti ambayo barabarani walisikia, "Nimeuinua kwa sababu mtoto anaungua. Sikuupokea. Mkeka uliopokelewa hulala katika nyumba ya aliyeupokea, na ninyi nyote mmeona huu haujapita nguzo zangu. Mwenye kichwa cha kufunikwa nao hakuwepo hapa. Asiyekuwepo na lake halipo."

"Shemeji," akasema Alapati, "mkeka ukishainuliwa umeinuliwa."

"Basi uweke wewe ndani kwako, mzee. Umevaa vizuri."

Hapo watu wakacheka waziwazi, na kicheko kikamfunga kuliko hoja yoyote. Aliondoka akijipiga mabega kwa usinga kama anafukuza nzi.

Nikamsaidia Lupesina kuinuka, miguu ilikuwa imekufa ganzi. Nilimpeleka jikoni nikampa maji. Akaniambia atazifuta picha zote. Nikamwambia fanya utakavyo na ulizokaa peke yako, hizo ni zako. Ile ya kuinua haipo, kwa hiyo hatutagombana. Akatazama kile kitambaa changu juu ya kamera, akaelewa kwa nini, na nikaona imemchoma. Kama alikuwa hana hatia basi nilimwonea, na nilikubali kumwonea.

Mchana akaenda kwenye ukuta wa bahari. Safari hii hakuongea Kiingereza wala hakushusha sauti, alimwambia baba yake kwa lugha yetu iliyovunjika, neno kwa neno, na wanawake waliokuwa wanaokota kome kwenye miamba wote wakasimama kusikiliza. Alimuuliza swali moja mara nyingi, kwa nini hukuniambia. Aliporudi hakunieleza alichojibiwa. Aliuliza Mareko alikuwa mtu wa namna gani. Nilimwambia alipenda mkate na siagi, alikuwa mvivu wa kupanda minazi, na aliimba besi kanisani kabla sauti yake haijawa tayari. Zaidi ya hapo sikumpa. Aliondoka na meli ya Jumamosi, na mkeka ndani ya mfuko.

Sulieti alisema hatutaonana naye tena, na Uelese atazikwa huko huko chini ya mvua ya wazungu. Nikasema amina kwa vyovyote itakavyokuwa. Lakini nilianza kuamka kabla ya jogoo.

*

Walikuja karibu na Jumapili Nyeupe, sikukuu ya watoto kanisani, wakati tunawafundisha watoto mistari yao ya Biblia. Hakuna aliyenipa habari, na nina hakika Alapati hakujua, maana asubuhi hiyo alionekana barabarani na lavalava ya kulalia tu kiunoni.

Nilipandisha pazia na nikaona mkeka ule ule, mahali pale pale. Chini yake mtu alikuwa ameketi vibaya, amelemea upande mmoja, na mguu mmoja uliovimba ameunyoosha mbele kwa sababu haukunjiki. Lupesina alisimama mbali, barabarani, mikono mitupu. Nilichungulia nyuma ya mshelisheli, nikatazama ukuta wa kanisa, nikatazama mabegi waliyoyaweka chini. Sikuona miguu mitatu wala taa nyekundu. Hata hivyo nilimtuma Sulieti apite karibu aangalie vizuri. Akarudi akasema hakuna, ni nguo na dawa tu, na harufu ya hospitali.

Nikashuka. Nikakaa kwenye nyasi mbele yake. Alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda mlima. Nilikuwa na swali moja tu, nimeishi nalo miaka yote hiyo, na nililiuliza polepole ili asije akasema hakusikia.

"Mareko alisema nini?"

Nikaliandaa sikio langu. Nilijua majibu yanayoweza kuja, nilikuwa nimekwisha kuyatunga yote mwenyewe kitandani. Kwamba aliniita. Kwamba aliomba maji. Kwamba alitaja jina la Bwana akafumba macho kwa amani. Angeniambia moja katika hayo ningeinuka, ningerudi ndani, ningeshusha pazia.

"Sijui," akasema Uelese. Sauti ilikuwa nyembamba, si ile niliyoikumbuka. "Nilitoka dirishani. Nilimwona amelala barabarani. Alikuwa anatikisa mkono. Nikakimbia, mke wa kaka. Nikajificha kwenye mawe ya pwani mpaka nikawasikia mnalia. Kama alisema kitu, mimi sikuwepo."

Barabarani mtu alisema "Ee Mungu" na mwingine akamziba mdomo. Lupesina alikuwa ameketi chini palepale alipokuwa amesimama, ameziba uso kwa mikono. Nadhani hilo nalo alikuwa hajaambiwa. Nasema nadhani.

Alikuwa anatikisa mkono. Nilikaa na ule mkono. Jua likatugusa wote wawili, mimi mgongoni, yeye juu ya manyoya mekundu, na hakuna mtu aliyenihimiza. Nilitaka kumpiga. Nitaandika ukweli, nilitazama jiwe la ukingo wa bustani na nikajua uzito wake. Lakini hapakuwa na mahali popote katika maneno yale ambapo mtu angeweza kujificha. Niliyapekua pembe zote, kama ninavyokagua mkeka wa kununua, nikitafuta uzi uliopitishwa juu juu, na sikuupata.

Nikasimama, nikauinua mkeka. Kichwa chake kilikuwa na mvi na kimejaa jasho, hakikuinuka. Nikaukunja, nikapanda nao ngazi, nikapita katikati ya nguzo, nikauweka juu ya sanduku la nguo la Panapa. Nilipotoka tena bado alikuwa pale chini, miguu imemgomea. Nikamwita Lupesina ashike mkono wa kulia. Mimi nikashika wa kushoto.